Kipande cha Serengeti Kiligoma Kutoka

Ramani ilikuwa ya plaiwudi ya milimita 4, upana mita 1.2 na kimo sentimita 80. Mkoa mzima wa Mara ungekatwa kwa mashine ya leza, wilaya moja baada ya nyingine: Rorya, Tarime, Serengeti, Musoma, Butiama, Bunda. Watoto wa shule wangevitoa vipande, wavichanganye sakafuni, kisha wavirudishe kila kimoja mahali pake huku wakitaja majina. Niliahidi kuipeleka shule moja wilayani Butiama, na njiani nipite nayo Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere hukohuko Butiama, kwa sababu ramani za zamani za mkoa huu hazina wilaya inayoitwa Butiama. Wilaya hiyo ilizaliwa mwaka 2012.

Basi la kutoka Mwanza huingia Mara bila kishindo. Ukishapita Lamadi, mkono wa kulia nyasi hutanda hadi geti la Ndabaka, mahali ambapo Hifadhi ya Serengeti inakaribia ziwa, na mkono wa kushoto ziwa lenyewe hulioni ila upepo wake unaupata dirishani. Bunda wachuuzi wanakunyanyulia mahindi ya kuchoma kabla gari halijasimama sawasawa. Mbele ni Makutano, njia zinapoachana: moja Musoma, moja Butiama na Nata, moja Tarime hadi mpaka wa Sirari. Nilishuka stendi ya Bweri mchana, nikapanda bodaboda hadi Mukendo, mtaa mkuu wa Musoma.

Kijana wa karakana aliniamkia, "Shikamoo mzee," nikamwitikia marahaba, na bila maneno mengi akaniongoza hadi kwenye mashine. Ilikuwa ya aina inayopatikana sasa katika miji mingi ya Afrika Mashariki: meza ya milimita 1300 kwa 900, tyubu ya kioo ya wati 80 imelala nyuma, mipira ya maji ya kupoza, feni ya kuvuta moshi. Kazi zake zilijaa ukutani. Palikuwa na ngao za mahafali, vibao vya milango ya ofisi, herufi za akriliki za mbele ya maduka na taa za mezani za mbao nyembamba. Alikuwa amekwisha kuikata ramani yangu.

Aliinyanyua. Kipande cha Rorya, kona ya kaskazini-magharibi, kilianguka chenyewe mezani, ukingo wake wa rangi ya asali. Tarime ilitoka kwa kusukumwa na kidole. Butiama, katikati ya ramani, ilihitaji wembe. Serengeti, kona ya kusini-mashariki, ilikataa kabisa. Ukiigeuza ramani, upande wa chini hapakuwa na mstari wowote, ila doa la hudhurungi hapa na pale. Kijana alikuwa amerudia mara mbili kwa nguvu kubwa zaidi, na alichopata ni ukingo mweusi kama mkaa.

"Tyubu imechoka, mzee," aliniambia. "Tuongeze nguvu tena au tununue nyingine."

Lakini tyubu iliyochoka huchoka kwa wilaya zote. Hii ilikuwa na nguvu ya kutosha Rorya, ikaipungukia Serengeti, na tofauti baina ya wilaya hizo mbili pale mezani ilikuwa jambo moja tu: umbali ambao mwale ulikuwa umesafiri kabla ya kugusa mbao. Tulikubaliana nimwachie mashine, yeye aniachie ramani mbovu. Kesho yake ningekwenda Mwitongo, kisha nirudi tuitazame kwa utulivu.

Mtu anayeona mashine ya leza kwa mara ya kwanza hutazama kichwa kinachotembea, pale penye cheche na moshi. Sehemu ya kutazama iko nyuma na pembeni. Mwale hutoka kwenye tyubu, hugonga kioo cha kwanza kilichofungwa kwenye fremu, hugeuka na kukimbia ubavuni mwa mashine hadi kioo cha pili. Hicho kimepanda juu ya boriti inayokwenda mbele na nyuma. Kutoka hapo hugeuka tena, hukimbia sambamba na boriti hadi kioo cha tatu kilicho ndani ya kichwa, ambacho huuelekeza chini kupitia lenzi hadi kwenye mbao. Hakuna waya wala bomba baina ya vioo hivyo. Ni hewa tupu, na mwale wenyewe hauonekani kwa macho: urefu wa wimbi lake ni mikroni 10.6, mbali sana na rangi yoyote ambayo jicho la binadamu linaijua.

Kichwa kikiwa kona iliyo karibu na tyubu, mwale huo husafiri labda sentimita 60. Kikienda kona ya mbali kabisa, boriti imesogea sentimita 90 na kichwa kimesogea mita 1.3, kwa hiyo njia imeongezeka mita 2.2. Tyubu ni ileile, wati ni zilezile na lenzi ni ileile. Njia tu ndiyo imerefuka zaidi ya mara nne.

Kuna watu wanaoamini kwamba leza hainenepi njiani. Walifundishwa kwamba mwanga wake unakwenda mnyoofu kama uzi, na picha za filamu zimewathibitishia. Ukweli ni kwamba kila mwale hutanuka, wa tochi upesi, wa leza polepole, na hakuna kiwanda duniani kinachoweza kutengeneza usiotanuka kabisa, maana kutanuka huko kumo katika tabia ya mwanga ukiwa wimbi. Kadiri mwale unavyoanza mwembamba ndivyo unavyotanuka haraka. Kwa hesabu ya mwale bora usio na kasoro, ukianza na kipenyo cha milimita 6 kwa wimbi la mikroni 10.6, baada ya sentimita 60 bado ni milimita 6.1. Baada ya mita 2.8 umekuwa milimita 8.7. Tyubu halisi ina kasoro zake, na kasoro huongeza.

Kunenepa huko kuna matokeo ambayo si rahisi kuyabashiri. Mtu angedhani mwale mpana utakata mstari mpana. Lenzi hufanya kinyume: mwale mpana ukiingia hukusanywa kuwa ncha ndogo zaidi, lakini ncha hiyo huwa sahihi katika kina kifupi zaidi, na pia hushuka kidogo, kwa sababu miale inaingia kwenye lenzi ikiwa tayari inaachana. Fundi aliyeweka fokasi yake kona ya karibu anakuta kona ya mbali fokasi imehama. Kwa lenzi ya milimita 50.8, iliyo ya kawaida katika mashine hizi, na kwa vipimo nilivyotaja, uhamaji huo ni kama robo milimita. Si nyingi kwa plaiwudi. Nilijua hivyo nikiwa bado Mukendo, na ndiyo maana sikumwambia yule kijana kwamba nimepata jibu.

Asubuhi nilipanda Noah ya kwenda Butiama, ramani nimeifunga kwa kanga na kuipakata magotini. Abiria aliyekaa karibu nami, mama mmoja mwenye kapu la dagaa, aliuliza kama ni picha ya harusi. Nilimfungulia. Alipitisha kidole juu ya mipaka, akaikuta Butiama, akaigonga mara mbili kwa ukucha. "Hapa ndipo tunakwenda," akasema, kisha akaona Serengeti haitoki, akacheka kwa upole na kunifungia tena kanga yangu.

Njia hiyo ina historia ya miguu. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 aliyeitwa Kambarage aliondoka kwa baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, akaenda kusoma Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Baadaye Tabora, Makerere na Edinburgh. Wanaotembelea Mwitongo wakitarajia ikulu ndogo hukuta kilima chenye mawe makubwa yaliyobebana, miti, nyumba za familia, na makaburi. Jina lenyewe ni la Kizanaki na lina maana ya hame, mahali palipokuwa na makazi ya watu wa zamani. Mwalimu alirudi kuishi hapa baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, akalima, akacheza bao na wazee wenzake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa hapa tarehe 23 ya mwezi huohuo, karibu na wazazi wake.

Nilikaa juu ya jiwe, ramani kando. Mjusi dume wa mawe, kichwa cha waridi na mwili wa buluu, alipanda hadi ukingoni mwa Rorya, akapiga pushapu zake tatu na kushuka. Jua lilikuwa limepanda na vivuli vya matawi vilikuwa vimelala juu ya mawe. Mtu yeyote anaweza kuona jambo hili bila vifaa: kivuli cha jani lililo karibu na jiwe kina ukingo mkali, cha jani lililo juu sana kina ukingo wa ukungu. Sababu yake si ileile ya leza, kwa kuwa hapa ni jua lenyewe kuwa pana angani, lakini kwa fundi somo la kwanza ni hilohilo. Umbali huacha alama yake katika mwanga, na alama hiyo hupimika.

Katika Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyo hapohapo Butiama, wageni hupita mbele ya picha, zawadi alizopewa na vitu alivyotumia. Miaka iliyoandikwa chini ya picha ndiyo iliyonishika. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwezi Machi mwaka huohuo ikafuata sera ya Elimu ya Kujitegemea. Na mwezi Mei mwaka huohuo wa 1967, katika taasisi ya utafiti wa uchomeleaji karibu na Cambridge, Uingereza, Peter Houldcroft na wenzake walielekeza mwale wa leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, wati 300 tu, pamoja na mkondo wa oksijeni, wakakata bamba la chuma la unene wa milimita 1. Huo ndio mwanzo wa ukataji wa chuma kwa leza kama viwanda vinavyoujua. Gesi ilipulizwa pamoja na mwanga, ikaunguza chuma na kukifagia kilichoyeyuka.

Mambo yalikuwa yamekwenda haraka. Einstein alieleza msingi wake kwa kalamu mwaka 1917. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, ya kito cha rubi, tarehe 16 Mei 1960 huko California. Kumar Patel, mzaliwa wa Baramati nchini India, aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, akatengeneza leza ya kaboni dayoksaidi mwaka 1964. Tyubu iliyolala nyuma ya mashine ya Mukendo ni mjukuu wa moja kwa moja wa kifaa hicho cha Patel, na wimbi lake ni lilelile la mikroni 10.6.

Mashine za mwanzo hazikuwa na tatizo la ramani yangu, kwa sababu mwale haukutembea. Kichwa kilisimama mahali pamoja na bamba la chuma ndilo lililosukumwa huku na huku chini yake. Njia ya mwale ilikuwa na urefu mmoja tangu asubuhi hadi jioni. Ubaya wake ni uzito. Bamba la mita 3 kwa 1.5 likiwa nene lina uzito wa mamia ya kilo, na kulisimamisha na kuligeuza kila baada ya sentimita chache hula muda na hutikisa mashine nzima. Halafu meza ikitaka kusogea lazima iwe na nafasi ya kwenda, kwa hiyo mashine ya kukatia bamba la mita 3 inataka sakafu ya zaidi ya mita 6.

Ndipo wahandisi wakauliza kwa nini wabebe chuma wakati mwanga hauna uzito. Wakasimamisha bamba, wakarusha vioo. Kasi ikapanda. Na shida ya kona ya mbali ikaingia kiwandani, kubwa kuliko ya Mukendo. Kwenye meza ya mita 3 kwa 1.5 njia ya mwale inaweza kutofautiana hadi mita 4.5 kati ya kona na kona, na lenzi zinazotumika kwa chuma kinene zina umbali wa fokasi mrefu zaidi, wa milimita 127 au 190. Lenzi ndefu hukuza kosa, kwa kuwa uhamaji wa fokasi huongezeka kwa mraba wa urefu wake. Nusu milimita au zaidi ni jambo la kutarajiwa. Kwenye chuma hilo huonekana: ukingo unaotoka msafi kona moja unatoka na makapi yaliyoning'inia kona nyingine, na mteja anarudisha bamba.

Suluhisho lao la kwanza nalipenda kuliko yote, na nililieleza jioni ile katika nyumba ya wageni ya Butiama kwa kutumia kanga iliyofungia ramani. Ishike kanga kwa ncha moja, upande wa pili uukunje urudi ulikotoka. Sasa sogeza mkunjo kuelekea kwako shubiri moja. Ncha huru inasogea shubiri mbili, maana upande wa kwenda umefupika shubiri moja na upande wa kurudi umerefuka shubiri moja. Wahandisi waliweka vioo viwili kwenye kigari kidogo, mwale uingie, ugeuke, urudi, kama kanga ile. Kichwa kikienda mbali mita 2, kigari kinarudi nyuma mita 1, na njia nzima kutoka kwenye leza hadi kwenye lenzi inabaki na urefu uleule. Kwa tofauti ya mita 4.5, kigari kinahitaji reli ya mita 2.25. Wanakiita kwa jina la tromboni, na aliyewahi kuona Bendi ya Polisi ikipita kwenye gwaride anaelewa sababu: mpiga tromboni husukuma mrija uliokunjwa, na kila sentimita anayosukuma inaongeza mbili kwenye safari ya pumzi.

Kigari hicho kina gharama yake. Lazima kitembee wakati uleule na kichwa, kwa nusu kamili ya mwendo wake, juu ya reli iliyonyooka kweli, na kimeongeza vioo viwili vya kusafisha na kupanga. Kila kioo hula asilimia ndogo ya nguvu na hupata joto. Ndiyo maana wengine walikwenda njia nyingine. Badala ya kusawazisha urefu, walisawazisha matokeo ya urefu. Waliweka kioo chembamba cha shaba ambacho nyuma yake kuna shinikizo la maji au hewa. Shinikizo likiongezwa, uso wa kioo hubinuka kwa kipimo kisichoonekana kwa jicho, na fokasi iliyohama hurudishwa. Kompyuta inajua kichwa kiko wapi, kwa hiyo inajua kioo kibinuke kiasi gani. Wengine waliupanua mwale mapema kwa jozi ya lenzi au vioo, kwa kuwa ulioanza mpana hutanuka taratibu: mwale wa kipenyo cha milimita 10 huhitaji zaidi ya mita 7 kufikia milimita 14.

Halafu ukaja uzi wa kioo. Katika leza za faiba, ambazo sasa ndizo zinazokata mabati na mabamba katika viwanda vingi, mwanga husafiri ndani ya uzi hadi kwenye kichwa chenyewe. Kichwa kiende popote mezani, uzi una urefu uleule, na mwanga unatoka kwenye ncha yake na umbo lilelile. Tatizo la njia limekwisha kwa mashine hizo. Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi karakana za Musoma, Mwanza au Kampala zisinunue faiba na kuachana na vioo. Jibu liko kwenye mbao. Leza ya faiba ina wimbi la mikroni 1.07 hivi, ambalo hupenya akriliki angavu kana kwamba haipo, na juu ya mbao hufanya kazi vibaya. Wimbi la mikroni 10.6 humezwa na mbao, karatasi, ngozi na akriliki papo hapo. Mwenye kazi ya ngao za mahafali, herufi za maduka na ramani za shule ataendelea kuishi na tyubu, vioo vitatu, na kona ya mbali.

Katika eneo hili la Mara kulikuwa na koo za wafua chuma walioitwa Waturi, ambao jembe na mkuki vilipita mikononi mwao kabla ya meli na reli kuleta majembe ya dukani. Niliwafikiria usiku ule. Mfua chuma hakuhitaji kuelezwa kwamba mvukuto ukiwekwa mbali mno na moto pumzi inapotea njiani. Alikuwa amejifunza hilo kwa mkono. Kijana wa Mukendo aliuziwa mashine, akapewa mafunzo ya siku moja ya kuwasha, kuzima na kupakia michoro, na hakuna aliyemwambia kwamba nafasi tupu baina ya vioo ni sehemu ya chombo anachotumia. Kosa si lake, na si la karakana yake peke yake.

Nilirudi Musoma siku ya pili saa nne asubuhi. Hatukugusa tyubu. Tulifanya kipimo cha zamani cha mafundi wa leza: kipande cha selotepu ya karatasi mbele ya kioo cha tatu, kichwa kikiwa kona ya karibu, kisha mdundo mfupi wa mwale wenye nguvu ndogo. Doa lilitokea karibu na katikati. Tukakipeleka kichwa kona ya mbali, selotepu ileile, mdundo mwingine. Doa la pili lilikaa pembeni kabisa, milimita 7 hivi kutoka la kwanza, na lilikuwa na umbo la mwezi uliomegwa. Kijana alinyamaza muda mrefu akilitazama.

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa mkubwa. Umbali huleta madhara mawili, na mimi nilikuwa nimebeba moja tu hadi Mwitongo na kurudi. La kwanza ni kutanuka. La pili ni kupinda: kioo kikikosa mahali pake kwa sehemu ya kumi tu ya nyuzi moja, mwale unaoakisiwa hupinda mara mbili ya hapo, na baada ya mita 2.2 umepotoka karibu milimita 8. Kona ya karibu hupotoka kidogo mno, mtu haoni. Kona ya mbali nusu ya mwale inagonga ukingo wa bomba la lenzi, na nguvu inayofika kwenye mbao ni makombo. Kigari cha tromboni chenyewe kisingeliponya hilo, kwa sababu kingeweka urefu sawa lakini kingeuacha upotofu uleule.

Jambo moja lazima lisemwe hapa wazi. Kupanga vioo ni kazi inayofanywa mfuniko ukiwa wazi, na mwale usioonekana wa wati 80 unapofusha. Tulivaa miwani iliyotengenezwa kwa ajili ya mikroni 10.6, na mkono haukupita njiani wakati wa mdundo. Pia plastiki ya PVC haifai kuingia kwenye mashine hizi hata kipande, maana ikiungua hutoa gesi ya asidi yenye klorini inayochoma mapafu na kula vyuma vya mashine yenyewe.

Kioo cha kwanza kilikuwa kimelegea skrubu moja. Kukirekebisha kulichukua muda wa kunywa chai vikombe viwili, robo mzunguko huku, robo kule, doa la karibu na doa la mbali mpaka yakapandana. Kisha tukashughulikia lile dogo. Fokasi tuliiweka kichwa kikiwa katikati ya meza, si kona ya karibu kama alivyozoea, ili kosa ligawanyike pande zote mbili badala ya kurundikana upande mmoja. Kasi tuliipunguza kidogo kwa mistari ya kona ya mbali. Na kijana aliandika kwa kalamu ya rangi ukutani, juu ya mashine, kwamba kazi ndogo zenye herufi nyembamba zikatwe upande wa tyubu.

Tulikata ramani mpya kwenye plaiwudi mpya. Nguvu ilikuwa ndogo kuliko ile iliyounguza ya kwanza. Alipoinyanyua, Rorya ilianguka, Tarime ikaanguka, Musoma, Bunda na Butiama zikafuata, na Serengeti ikabaki imening'inia kwa uzi mmoja wa mbao. Aliigusa kwa kidole gumba, ikatoka.

Wanaotoa mikopo ya vijana, wanaoagiza mashine kutoka ng'ambo na wanaofundisha ufundi wana nafasi ya kulizuia tatizo hili kabla halijafika mezani kwa mteja. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wapo Mara. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kina makao yake Butiama kwenyewe. SIDO wapo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi. Somo la njia ya mwale, vioo, selotepu na fokasi linaingia katika siku mbili, na halihitaji maabara, linahitaji mashine moja na mwalimu aliyekwisha kuchafua mikono. Liwekwe kwenye mafunzo.

Na wewe unayetaka kununua, usikubali kuonyeshwa jina zuri lililochongwa katikati ya meza. Nenda na plaiwudi yako ya ukubwa wa meza nzima. Mwombe muuzaji akate duara moja kila kona na moja katikati, kwa kasi ileile na nguvu ileile, kisha uyasukume yote matano kwa kidole kabla hujatoa hela mfukoni.